Si kripto ya serikali, jamani

Nimeulizwa tena wiki hii, safari hii na mhasibu mzima: "Kwa hiyo benki kuu nazo zinatoa Bitcoin yao?" Hapana! Zinachotoa ni sarafu ya kidijitali ya benki kuu, na hiyo si Bitcoin. Kazi yangu ni mifumo ya malipo, na swali hili limenichosha.

Benki Kuu ya Finland ilikuwa na kadi yake ya pesa za kielektroniki, Avant, miaka ya 1990, Bitcoin haijazaliwa. Kadi ile ilikuwa na chipu tu. Daftari la miamala liwe la blokucheni (teknolojia iliyo nyuma ya Bitcoin) au hifadhidata ya kawaida, hayo ni ya mafundi, tuyaache.

La maana ni hili: unamdai nani? Salio lako la benki si pesa iliyolala sandukuni ikikusubiri. Ni ahadi ya benki ya biashara kwamba ukidai, italipa. Noti iliyo mfukoni, kwa upande wake, ni deni la benki kuu yenyewe. Sarafu ya kidijitali ya benki kuu ni noti hiyohiyo iliyovuliwa karatasi. "Lakini mbona nalipa kwa simu tayari?" Ndiyo, unalipa kwa kuhamisha deni la kampuni binafsi. Mambo yakiwa shwari tofauti haionekani, ndiyo maana watu hubisha. Subiri benki ifilisike: mwenye amana atakimbilia bima ya amana, anayeidai benki kuu atalala usingizi wake.

Usalama huo ndio unaozitia benki hofu. Uvumi ukizuka saa nne usiku, watu watahamisha amana zao kwenda benki kuu wakiwa kitandani, bila hata kupanga foleni. Kwa hiyo kwenye mjadala wa euro ya kidijitali kuna kikomo cha kiasi ambacho kila mtu ataruhusiwa kushika, na kiasi kinachotajwa sana ni euro 3,000. Hapo nami nakwama. Amana za Umoja wa Ulaya zina bima hadi euro 100,000 kwa kila mteja katika kila benki. Sasa hizo 3,000 zinamkinga nani, na nini? Hoja niliyoipigania aya nzima inapwaya, na sijapata jibu la kuniridhisha.

Watumiaji nao hawajashawishika. eNaira, sarafu ya kidijitali ya benki kuu ya Nigeria, ilizinduliwa Oktoba 2021. Uchambuzi uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2023 ulionyesha kuwa katika wiki yoyote ile, asilimia 98.5 ya pochi zake hazikuguswa. DCash, sarafu kama hiyo ya visiwa vya Karibi Mashariki, ilizimika Januari 2022 kwa takriban miezi miwili, chanzo kikiwa cheti cha mtandao kilichopitwa na muda. Cheti! Noti haijawahi kunifanyia hivyo.

Marekani imejitoa kwa amri ya rais ya Januari 2025, China inaendelea na yuan yake. Mimi naona itakayotangulia kushika mizizi ni ile ya benki kwa benki, ya kulipana miamala mikubwa. Hiyo angalau hakuna mhasibu atakayeniuliza kama ni kripto.