Afisa Akikataa Kukuhudumia kwa Sababu ya Imani Yake

Septemba 1, 2015, wachumba wa jinsia moja walisimama mbele ya kaunta katika ofisi ya karani wa kaunti ya Rowan, jimbo la Kentucky, Marekani, wakitaka leseni ya ndoa. Karani, Kim Davis, akawaambia hatoi. Walipomuuliza anakataa kwa mamlaka ya nani, akajibu: kwa mamlaka ya Mungu. Mnamo Juni 26 mwaka huohuo, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imeamua kwamba watu wa jinsia moja wana haki ya kufunga ndoa. Septemba 3 jaji akaamuru Davis awekwe ndani, akakaa siku tano.

Wengi husimulia kwamba alifungwa kwa ajili ya dini yake. Sivyo. Alifungwa kwa kudharau amri ya mahakama. Tena hakuishia kuuzuia mkono wake mwenyewe: alisimamisha leseni zote, hata za mwanamume na mwanamke, na wasaidizi wake akawazuia wasitoe. Yeye akiwa bado ndani, wasaidizi hao wakaanza kutoa leseni kwenye kaunta ileile.

Kusema "mimi siwezi kufanya" ni jambo moja. Kusema "ofisi hii haitafanya" ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni dhamiri ya mtu. La pili ni mtu kujigeuza sheria.

Mfalme Baudouin wa Ubelgiji aliielewa tofauti hiyo. Mwaka 1990 bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu utoaji mimba katika mazingira fulani, naye, Mkatoliki wa dhati, akasema hawezi kuitia saini. Lakini hakutaka kuizuia. Serikali ikatangaza kwamba mfalme hawezi kutawala kwa muda, mawaziri wakaisaini sheria, kisha bunge likamrudisha madarakani. Wapo waliouita mchezo wa kuigiza. Kwangu mimi, aliyeukosa ufalme kwa siku moja ni yeye. Raia hakukosa kitu.

Basi je, inatosha afisa kumwelekeza mwananchi kwa mwenzake? Hapa naomba tutulie kidogo. Mwaka 2009, huko Louisiana, afisa mwenye mamlaka ya kufungisha ndoa, Keith Bardwell, aliwanyima leseni mwanamke mzungu na mwanamume mweusi. Hakutaja dini, alisema anawahofia watoto watakaozaliwa. Akajitetea kwamba kulikuwa na wengine wa kuwahudumia, na kweli walihudumiwa kwingine. Lakini walikuwa wameshaambiwa, na mtu wa serikali, kwamba ndoa yao ina kasoro. Bardwell alijiuzulu mwezi uliofuata.

Kwa hiyo, kama mwajiri anaruhusu kubadilishana zamu, mpango huo umalizike nyuma ya kaunta kabla mteja hajafika. Anayesubiri kwenye foleni asijue kamwe kwamba kulikuwa na mjadala. Na mwajiri halazimiki kukubali kila mara. Lillian Ladele, msajili wa ndoa katika halmashauri ya Islington, London, aliomba asishughulikie miungano ya kiraia ya wapenzi wa jinsia moja, yaani uhusiano unaosajiliwa kisheria na kufanana na ndoa. Halmashauri ikakataa, na mwaka 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaona halmashauri haikuvuka mipaka. Afisa ambaye hawezi kuishi na uamuzi wa namna hiyo ana mlango wa kujiuzulu, nao una heshima yake.

Wewe uliyenyimwa huduma, usibishane naye dini; hutashinda, na hata ukishinda hutatoka na cheti. Muulize jina na cheo chake, kisha omba kukataa kwake kuandikwe, pamoja na kifungu cha sheria anachokitegemea. Umwone msimamizi wake siku hiyohiyo. Ikishindikana, mahakama nyingi zina uwezo wa kumwamuru afisa atekeleze wajibu wake, na karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako wa kwanza. Mara nyingi hufiki huko: akishaombwa aandike, afisa hunyanyuka kwenda kushauriana na mkubwa wake.