Je, wajua kwa nini gasketi ya hedi hufungwa mpya na kuungua tena muda si mrefu?

Corolla ya miaka ya 1970 ikiingia gereji ya Nyakato, Mwanza, kwa sababu inachemsha, jibu mara nyingi hutoka haraka: gasketi imeungua, inunuliwe nyingine. Inanunuliwa, inafungwa, gari linatoka. Wiki chache baadaye lipo pembeni ya barabara ya Usagara, boneti juu, mvuke unatoka. Fundi anasema gasketi ilikuwa feki, mwenye gari anasema fundi hajui kazi. Vipuri feki vipo kweli, na mafundi wabovu wapo. Lakini nionavyo, mara nyingi kilichoiunguza gasketi ya kwanza kiliachwa humohumo kwenye injini, nacho kikaiunguza ya pili.

Tuanze na kazi ya gasketi yenyewe. Injini ya gari dogo la zamani ina bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka, na hedi inayokaa juu yake kuzifunika silinda. Kati ya hizo mbili kuna gasketi, bamba jembamba lililotobolewa matundu ya silinda, ya maji na ya oili. Kazi yake ni kuhakikisha moto, maji na oili kila kimoja kinapita njia yake. Kwenye injini ya 3K ya Toyota, iliyofungwa kwenye Corolla nyingi za wakati huo, yenye cc 1,166, kila silinda ina kipenyo cha milimita 75. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, mlipuko mmoja huisukuma hedi juu kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani mbili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hulipuka mara 25 kwa sekunde. Hedi imeshikwa na bolti tu, na gasketi huweza kazi hiyo pale tu inapobanwa sawasawa kila upande.

Hapo kwenye kubanwa sawasawa ndipo mambo huharibika. Bloku ya 3K ni ya chuma, hedi yake ni ya alumini, na alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa joto la kawaida la injini, gasketi huvumilia tofauti hiyo. Gari likichemsha sana, hedi inataka kutanuka zaidi huku bolti zimeibana, haina pa kwenda, basi inapinda. Ikishapinda hainyooki yenyewe ikipoa. Kikomo cha kupinda kinachotajwa kwenye vitabu vingi vya ufundi vya Toyota ni milimita 0.05, na jicho la binadamu halioni mwanya huo. Panatakiwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), hedi ipimwe kwa urefu, kwa upana na kona kwa kona. Ikizidi kikomo, ipelekwe kwa wenye mashine ikachongwe. Kuisugua kwa msasa mkononi, au kuipitishia grainda kama wengine wafanyavyo, ni kuiongezea mabonde.

Hedi ya chuma nayo haijasalimika. Mini, ile ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, ina bloku ya chuma na hedi ya chuma, ila silinda ya pili na ya tatu hutolea moshi kwenye tundu moja la katikati. Joto hukusanyika hapo, na gasketi ya Mini mara nyingi hutoboka kwenye kile kipande chembamba kinachozitenga silinda hizo mbili. Injini hutetemeka, silinda mbili jirani zinakosa kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), na maji kwenye rejeta huenda yasipungue hata kidogo. Kwa hiyo asiyeona maji yakipotea asijihakikishie kwamba gasketi ni nzima. (Volkswagen ya zamani, ile yenye injini nyuma, hupoozwa kwa hewa. Haina rejeta, na habari hii ya maji haiihusu.)

Sasa, nini kinachochemsha gari hapa kwetu? Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya sufuria Mwanza huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, si 100. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta. Vifuniko vingi vya magari ya Kijapani vimeandikwa 0.9: hicho ni kiasi cha presha ambacho springi yake hushikilia kabla ya kuachia, na presha hiyo huongeza karibu nyuzijoto 20 kabla maji hayajachemka. Mpira wa kifuniko ukichoka, au ukifunga kifuniko cha gari jingine kwa sababu tu kinaingia, umezitupa nyuzijoto hizo zote. Ni kipuri cha bei ndogo, na ningekibadilisha kabla ya kufikiria kununua gasketi.

Jambo la pili ni kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Wengi hujiuliza ya nini, wakati Mwanza hakuna baridi ya kugandisha maji. Hapa inatakiwa kwa ajili ya kutu. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye maji matupu huliwa, na huanza kuliwa kwenye kingo za matundu ya maji, palepale gasketi inapolalia. Kutu inayobanduka hukimbilia rejeta na kuziba vijia vyake. Maji ya kuchota ziwani kwa dumu hayana chumvi, ni kweli, lakini huja na tope na mwani. Mwenye gari la zamani analolipenda asiyatie, isipokuwa amekwama na hana jinsi.

Thamostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nayo huondolewa kwa imani kwamba gari litapoa zaidi. Injini isiyo nayo huchelewa kupata joto lake, hula petroli zaidi na kuchafua oili, na kwenye baadhi ya injini maji huanza kuzunguka kwa njia ya mkato bila kupitia rejeta. Feni nayo iangaliwe. Wakati wa foleni za kivuko cha Kigongo, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, gari lililosimama juani lilitegemea feni pekee kupata upepo. Mkanda wa feni uliolegea huonekana zaidi mahali pa namna hiyo kuliko barabarani kwenye mwendo.

Gari likishachemsha, zima na usubiri. Kifuniko kikifunguliwa moto huunguza uso, na maji baridi yakimwagwa kwenye injini hiyo yanaweza kuipasua hedi, na hedi iliyopasuka hakuna gasketi itakayoisaidia.

Kabla ya kufungua chochote, dalili zithibitishwe: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiunguruma, moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, plagi moja iliyooshwa safi kuliko wenzake. Kompresheni ipimwe silinda zote.

Kazi yenyewe, kwenye magari haya, ni rahisi kuliko kwenye ya kisasa. Kemushafti, mhimili unaofungua valvu, iko chini kwenye bloku, kwa hiyo cheni inayoizungusha haiguswi. Fito za kusukumia valvu zipangwe tu ili kila moja irudi tundu lake. Bolti hulegezwa kuanzia pembeni kuja katikati, hedi ikiwa imepoa kabisa. Matundu ya bolti yakaushwe, maana oili au maji yakibaki chini, bolti hukaza uongo au hupasua bloku. Gasketi iwekwe kavu isipokuwa aliyeitengeneza ameagiza vinginevyo. Silikoni ikizidi huishia kuziba njia za maji. Wakati wa kukaza, anzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu hivi, kwa spana inayopima nguvu na kwa kiasi kilichoandikwa kwa injini hiyo. Kukaza kwa kukadiria mkono ndiko kunakorudisha magari mengi gereji.

Gasketi za aina ya zamani hulala kidogo injini ikishapata moto mara ya kwanza. Ukiwa umefunga ya aina hiyo, bolti zikazwe upya kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, kisha tepeti zipimwe tena, kwa sababu hedi ikishuka, mianya ya valvu nayo hubadilika.