Thairoidi ni nini, na kwa nini inambadilisha mtu sura na tabia

Ukitaja thairoidi watu wanawaza rovu tu, lile donge la shingoni, ila wengi wenye shida hii shingo zao ziko kawaida kabisa, kinachobadilika ni sura na mwenendo, ndo maana mtu anaanza kusemwa mtaani kabla hata hajafika hosptali.

Iko hivi, thairoidi ni tezi ndogo yenye umbo kama la kipepeo, imekaa mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo. Inatengeneza homoni zinazouambia mwili uende spidi gani, yani moyo, utumbo, joto, hedhi, usingizi, mpaka mawazo. Zikizidi mwili mzima unakimbia, zikipungua unajikokota.

Nianze na kuzidi maana nimeiona nyumbani. Dada yangu alikuwa mpole sana, ghafla akawa mkali, neno dogo tu anafoka halafu analia, usiku halali, saa nane unamkuta anafua, anakula vizuri kuliko sisi wote na bado anakonda, jasho linamtoka wenzie wamejifunika khanga, akishika kikombe chai inamwagika kwa mikono kutetemeka. Macho yakaanza kutoka kama mtu aliyeshtuka. Majirani wengine wakasema ngoma, wengine jini, shangazi akataka apelekwe kwa mtaalamu. Zahanati ya kwanza wakampa dawa za taifodi. Miezi inapita, na moyo muda wote unampiga zaidi ya mara 100 kwa dakika hata akiwa amekaa, hakuna aliyemshika mkono akahesabu!

Kupungua kunajificha zaidi kwa sababu kunakuja taratibu sana. Uso unajaa, hasa chini ya macho, mwili unaongezeka, na kwetu mwanamke akinenepa watu wanasema ndoa imemkubali. Kumbe mwenyewe anasikia baridi wenzake wakijipepea, choo kigumu, ngozi kavu, nywele zinakatika, hata nyusi zinaweza kupungua kwa pembeni, sauti inakuwa nzito, hedhi inatoka nyingi, anasahau, anasinzia mchana, hana hamu ya chochote. Anaitwa mvivu. Akiwa mama aliyejifungua miezi michache nyuma ndo kabisa, kila kitu kinasingiziwa uchovu wa mtoto, na ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza baada ya kuzaa ni kipindi ambacho tezi hii inaweza kuvurugika, inaweza ikaanza kwa kuzidi halafu ikageuka ikapungua.

Chanzo ni nini? Mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe kuigeukia tezi, na wanawake wanapata kuliko wanaume. Ya kuzidi inaitwa ugonjwa wa Graves, kwa jina la daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835, ya kupungua inaitwa Hashimoto, mjapani aliyeiandika mwaka 1912. Halafu kuna upungufu wa madini joto, yani iodini, ambayo tezi inayahitaji kutengeneza homoni, huo ndo unaoleta rovu sehemu za milimani mbali na bahari. Kisiwa cha Idjwi kule ziwa Kivu kilijulikana sana kwa hilo, na mihogo isiyoandaliwa vizuri ilichangia maana ina kitu kinachozuia tezi isiyanyonye hayo madini. Chumvi ya paketi yenye madini joto imesaidia sana, ifunike isikae wazi na isilowe.

Kipimo ni damu, kinaitwa TSH. Hii TSH inatoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ni kama fimbo ya kuihimiza thairoidi, kwa hiyo ikiwa juu mara nyingi maana yake thairoidi imelala, ikiwa chini maana yake inafanya kazi kupita kiasi. Inawachanganya wengi hiyo, wanaona namba kubwa wanadhani homoni zimezidi.

Tiba ipo. Ya kupungua ni kidonge cha levothairoksini, kinamezwa asubuhi tumbo tupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai, na wengi wanakitumia maisha yote. Ya kuzidi wengi wanaanza na kabimazoli, wengine wanapewa iodini ya mionzi au upasuaji. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo likauma rudi hosptali siku hiyo hiyo upimwe damu, usimeze panadol ukalala, maana mara chache dawa hii inashusha chembe nyeupe mpaka mwili unakosa ulinzi.

Dada ilimchukua kama miezi mitatu mikono ikatulia na upole wake ukarudi. Macho yamebaki yametoka kidogo, maana yenyewe yanaweza kuendelea hata damu ikiwa sawa, na anayevuta sigara yanamzidi, kwa hiyo ukianza kuona vitu viwili viwili au ukashindwa kufumba macho vizuri nenda kwa daktari wa macho haraka.