Je, wajua kwa nini mabaharia wa Shackleton hawakumalizwa na kiseyeye?

Novemba 21, 1915, meli Endurance ya mvumbuzi Ernest Shackleton, aliyekusudia kuvuka bara la Antaktika, ilizama katika Bahari ya Weddell, Antaktika, baada ya kubanwa na barafu kwa miezi kumi. Watu 28 wakabaki juu ya barafu inayoelea, hawana hata namna ya kuita msaada. Wote 28 walirudi salama. Sifa nyingi humwendea Shackleton, na anazistahili, maana alivuka bahari kwa mashua ya mita saba kwenda kutafuta msaada. Lakini msosi nao usisahaulike.

Kiseyeye huletwa na ukosefu wa vitamini C. Fizi huvimba na kuvuja damu, meno hulegea, hata makovu ya zamani hufumuka. Kwetu pera moja kwa siku linatosha kukukinga. Antaktika utalichuma wapi? Ila sili na pengwini hujitengenezea vitamini hiyo mwilini, jambo ambalo binadamu hawezi. Ukila nyama yao ingali mpya, bila kuipika mno, unaipata. Mabaharia wale waliila kwa sababu hawakuwa na chakula kingine cha kutosha.

Shackleton alipoondoka na wenzake watano kutafuta msaada, watu 22 walibaki Kisiwa cha Elephant, karibu na Antaktika. Waliishi chini ya mashua mbili zilizopinduliwa, kuanzia Aprili hadi Agosti 30, 1916. Mnyama hakutupwa: nyama kitoweo, mafuta kuni na taa, moshi wake ukiwapaka masizi usoni. Kijana Perce Blackborow aligandishwa vidole vya mguu na baridi, ikabidi vikatwe. Klorofomu, dawa ya usingizi ya enzi hizo, haigeuki mvuke vizuri kwenye baridi kali, kwa hiyo jiko lilichochewa kwa ngozi za pengwini mpaka kibanda kikapata joto, ndipo madaktari wakaanza kazi.

Upande wa pili wa bara, katika Bahari ya Ross, kundi jingine la msafara huohuo lilikuwa likiweka akiba za chakula njiani kwa ajili ya Shackleton. Hao walikokota sleji, yaani vigari visivyo na magurudumu vya kuteleza juu ya theluji, kwa miezi wakila vyakula vikavu. Kiseyeye kikawaangusha, na mmoja wao, Arnold Spencer-Smith, alifariki Machi 1916 baada ya kukokotwa siku nyingi juu ya sleji. Wenzake watano walijikongoja hadi kwenye kibanda cha Hut Point, pwani, wakapata nyama ya sili waliyochinja papo hapo, na baada ya wiki chache wakaanza kutembea tena.