Swali kabla ya bidhaa: karakana ndogo na utafiti wa ulinzi kwa fedha za serikali

Maandiko mengi ya kuomba fedha za utafiti yana kasoro moja: mwombaji anaeleza kifaa anachotaka kuuza, haelezi jambo ambalo bado halijulikani kuhusu kifaa hicho. Kwenye vifaa vya ulinzi kasoro hiyo ni nzito zaidi, maana mnunuzi ni mmoja, masharti yake ni makali, na kifaa kikigoma mlimani usiku hakuna fundi wa kuitwa. Ndiyo sababu mfumo wa Marekani uitwao SBIR, unaozipa kampuni ndogo fedha za serikali za utafiti, unafaa kusomwa na karakana za Mbeya, Iringa na Njombe. Umepangwa kumlazimisha mwombaji aanze na swali.

Mfumo huo ulijaribiwa kwanza na taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili sayansi, mwaka 1977, chini ya Roland Tibbetts. Mwaka 1982 ukawa sheria. Kila idara yenye bajeti ya utafiti wa nje inayozidi dola milioni 100 kwa mwaka hutenga fungu kwa ajili ya kampuni ndogo, na fungu hilo lilipanda kidogo kidogo hadi kufikia asilimia 3.2. Wizara ya Ulinzi ndiyo inayotoa fedha nyingi kuliko idara nyingine zote. Kampuni iwe na wafanyakazi wasiozidi 500, zaidi ya nusu ya umiliki iwe ya raia au wakazi wa kudumu wa Marekani, na kazi ifanyike ndani ya nchi hiyo. Kwa hiyo mtu akikutaka ulipe ada ili akuombee fedha za SBIR ukiwa Mwanjelwa au Makambako, usimpe hata senti. Kuomba kwenyewe ni bure hata kwa Wamarekani.

Kazi hugawanywa katika awamu tatu. Awamu ya kwanza huchukua kati ya miezi sita na mwaka, na malipo yake hununua jibu: je, wazo hili linawezekana? Awamu ya pili, kwa kawaida miaka miwili, hutengeneza mfano unaofanya kazi. Awamu ya tatu ni soko, na haina senti ya SBIR. Fedha hutoka kwenye bajeti ya jeshi au kwa wanunuzi wa kawaida. Hapo ndipo kampuni nyingi hukwama, kwa sababu mfano upo lakini hakuna kikosi kilichoweka kifaa hicho kwenye bajeti yake ya mwaka ujao. Sheria yao imeweka daraja: aliyefanya utafiti anaweza kupewa mkataba wa awamu ya tatu bila kushindanishwa upya, kwani alishashindana mwanzoni. Kwa maoni yetu hiki ndicho kipengele chenye thamani kuliko vyote katika mfumo huo, hata kuliko fedha.

Sasa tuchukue kifaa cha mazingira yetu. Tuseme karakana inataka kutengeneza kasha la betri la kituo cha kurushia mawimbi ya redio za doria, kitakachowekwa juu kama Kitulo, takribani mita 2,600, ambako Juni na Julai umande huganda. Kituo kinatumia wastani wa wati 6, yaani watisaa 144 kwa siku. Betri ya lithiamu-chuma-fosfati ya volti 12.8 na ampeasaa 40 ina watisaa 512. Ukitumia asilimia 80 unapata 410, sawa na saa 68 bila jua. Mteja akidai siku tatu kamili, umepungukiwa na saa nne. Ni afadhali ulijue hilo kwenye karatasi kuliko juu ya mlima.

Lakini uwezo wa betri si swali la utafiti. Huo ni hesabu tu. Swali liko alfajiri. Seli za betri hii zinaweza kutoa umeme kwenye baridi, ila zikichajiwa chini ya nyuzi 0 lithiamu hujibandika kama metali juu ya ncha hasi badala ya kuingia ndani yake. Uwezo hupotea na haurudi, na seli inaweza hata kupata shoti ya ndani. Jua la kwanza likipiga paneli huku seli ziko nyuzi 5 chini ya sifuri, chaja isiyo na kinga inaziua taratibu.

Inabidi seli zipashwe joto kabla ya kuchajiwa, kwa hiyo swali la awamu ya kwanza liandikwe hivi: je, hita ya wati 20 inayolishwa na paneli pekee inaweza kupandisha joto la pakiti ya betri ya kilo 6 kutoka nyuzi -5 hadi +5 ndani ya dakika 75, bila seli yoyote kutofautiana na nyingine kwa zaidi ya nyuzi 3? Hesabu ya awali inaonyesha linawezekana: kwa takribani jouli 1,000 kwa kila kilo na kila nyuzi, zinahitajika jouli 60,000, yaani watisaa 17, au dakika 50 kabla ya kuhesabu joto linalovuja. Swali lenye namba za namna hii linaweza kujibiwa ndiyo au hapana, na mkaguzi analiamini.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara ya kifahari. Friza yenye kidhibiti joto cha nje, vihisi joto vinne (kimoja kwa kila seli kati ya nne za betri), na kifaa cha kurekodi joto kila dakika vinatosha. Kosa la kawaida ni kubandika kihisi karibu na hita. Kinasoma nyuzi 5 wakati seli za pembeni bado zimeganda, chaja inaanza kuchaji, na uharibifu unaanza bila mtu kujua. Kosa jingine ni kuilisha hita kwa betri usiku kucha, ambapo akiba ya betri huliwa haraka na kituo kinaweza kuzimika kabla ya mapambazuko. Ukitoa pakiti kwenye friza, iache ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la chumba, la sivyo unyevu utatua kwenye sakiti na utadhani muundo wako ndio mbovu.

Wenye droni nao wakague namba za kiwandani. Kwenye mita 1,700 za Mbeya, hewa ina takribani asilimia 85 ya uzito wa hewa ya pwani, na kuelea tu mahali pamoja kunadai nguvu zaidi kwa kama asilimia 9. Muda wa kuruka ulioandikwa kwenye boksi usiunakili kwenye andiko. Kurusha droni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na masafa ya redio yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Bajeti ijengwe kwa ankara kifani (proforma) za maduka, na iweke seli za akiba, maana jaribio la haki huharibu seli. Kwa ushauri, SIDO, shirika la viwanda vidogo, lina ofisi Mbeya, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kipo hapo hapo, na COSTECH ndiyo tume ya taifa ya sayansi. Usiguse silaha wala risasi. Bila kibali ni kosa la jinai, hata ukiita utafiti. Betri, mawasiliano, taa na usafishaji wa maji vina kazi tele jeshini, na vina soko kwa raia pia.

Jambo la mwisho ni haki. Marekani kampuni hulinda taarifa zake za SBIR kwa miaka 20, ila ni lazima iweke alama ya kisheria kwenye nyaraka. Ikisahau, ulinzi huo unaweza kupotea. Hapa kwetu hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na ombi liwasilishwe kabla ya kuonyesha kifaa hadharani, iwe Nanenane pale John Mwakangale au kwenye mashindano ya ubunifu. Anayetaka kukiona mapema asaini kwanza makubaliano ya kutunza siri.