Sahani hairudi tupu

Assalaam alaykum wapendwa. Leo nataka tuzungumze kuhusu sahani, na namna familia inavyoweza kutoa sadaka, na naomba mnivumilie mana naanza mbali kidogo.

Mie nimezaliwa Wete, Pemba, na kwetu ikifika Ramadhani saa kumi na moja na nusu jioni watoto wote wa mtaa tuko njiani na masahani kichwani yamefunikwa kwa kawa, huyu ana muhogo wa nazi, yule ana tambi, mwengine kashika kibakuli cha uji wa pilipili manga kwa mikono miwili anatembea kama anayebeba mtoto mchanga, tunapishana na wote tuna haraka adhana isije ikatukuta nje. Na sheria ilikuwa moja tu, sahani hairudi tupu. Ukipelekewa chakula ukishaosha sahani unatia kitu ndani ndo unairudisha, hata ikiwa ndimu mbili, hata konzi ya chumvi. Bibi yangu alikuwa akikuona unatoka na sahani tupu anakurudisha kutoka mlangoni.

Sababu ya sheria ile nimekuja kuielewa ukubwani nikiwa kazini. Mie ni afisa ustawi wa jamii, huu mwaka wa 14, sasa niko Unguja mjini, na kazi yangu ni kuingia majumbani mwa watu wenye dhiki, nakaa mkekani, nasikiliza. Na kitu nilichokiona tena na tena ni hichi, mtu ambae kila siku anapokea tu na hana siku hata moja anayotoa, taratibu anaanza kuwakimbia watu. Barazani hakai tena, harusini haonekani, hata msibani anakwenda watu wakishaondoka kwa sababu hana ubani (rambirambi) wa kutia. Njaa yake tumeitibu lakini tumemtoa kwenye ujirani. Kwa hiyo nikiulizwa familia yangu itoe vipi sadaka mie siku zote naanza na swali hili, huyo unaempa, umemwachia njia ya kukurudishia?

Na hili sikulisoma kitabuni. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye kamati moja ya kugawa vyakula Ramadhani, tukawapanga watu foleni kiwanjani, jua la saa tisa, na funga, na kila anaepokea kipolo (kigunia) chake cha mchele anasimama kwanza apigwe picha. Mie mwenyewe ndo nilikuwa nawapanga. Usiku picha zikaenda kwenye magrupu ya WhatsApp, mashaallah nyingi sana, watu wanashukuru. Siku ya pili baada ya Isha nasikia hodi, nafungua, mama mmoja kajifunika buibui mpaka machoni, kipolo kiko kichwani, kamba yake haijafunguliwa. Akakiweka chini kizingitini akanambia, "Mwanangu, nisamehe, mchele huu mie siuwezi. Nna binti anaposwa, na picha wakwe washaiona." Nikamwambia ingia mama ukae, hakuingia. Akaondoka, na mie nikabaki pale mlangoni na kile kipolo miguuni sijui nikifanye nini.

Kwenye Suratul Baqara aya ya 264 tunakatazwa kuziharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Zamani simango lilikuwa neno la mdomo, linasemwa linapita. Picha haipiti, imekaa kwenye simu za watu mia mbili na mwakani itapostiwa tena. Kwa hiyo ndugu zangu nakuombeni sana, kama mfadhili anataka ushahidi mpigie picha mchele, mpigie picha gari na risiti ya dukani, sura ya mtu iacheni.

Haya tuje nyumbani sasa, mana familia haina haja ya foleni wala gari. Kinachotushinda wengi ni kwamba tunatoa kilichobaki. Tukishakula tukashiba ndo tunatazama chunguni, na siku hakikubaki kitu hatutoi. Geuza, fungu la jirani litoke kabla chungu hakijawekwa jikoni. Mie nyumbani nna kopo la maziwa pembeni ya polo la mchele, kila siku nikipima mchele wa mchana nachota mchele kikombe kimoja, kile kidogo cha kunywea kahawa, natia humo ndani. Nilikipeleka kwenye mizani ya dukani kikaja kama gramu 80. Kidogo sana, watoto hata hawajui kama kimepungua kitu kwenye sinia, lakini siku 30 ni kilo 2 na gramu 400, yani karibu pishi nzima, na pishi ndo kipimo kile kile cha zakatul fitri, ile zaka ya mwisho wa Ramadhani, ambayo wengi tunaikadiria kilo mbili na nusu kwa kichwa. Na kama mchele wako ni wa mapembe basi toa mapembe hayo hayo unayokula, usiende kutafuta mchele wa rahisi zaidi kwa ajili ya kutoa. Kama hata kikombe kigumu kuna hadithi ya Mtume (S.A.W.) alivyomuusia Abu Dharri, ukipika mchuzi zidisha maji uwaangalie majirani zako. Maji tu.

Na kwa vile nimeitaja fitri niseme haraka, inatolewa kwa kila mtu wa nyumba mpaka mtoto mchanga, watu 7 ni kama kilo 17 na nusu, na iwe imefika kabla watu hawajasali sala ya Idi. Usiende nayo asubuhi ya Idi saa moja unakimbia. Ipeleke siku moja au mbili kabla, ili na mwenzio apate kujua kwamba kesho ana cha kupika.

Zakat ya mali ni jambo jengine na hapa ndo naona familia nyingi zinakosea, si kwa ubaya. Pesa yako ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikakaa mwaka mzima wa kiislamu inatolewa asilimia 2.5. Chukua bei ya gramu ya siku hiyo zidisha kwa 85 utajua umefika au hujafika. (Dhahabu ya kuvaa mwanamke kwa kawaida yake, kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunafuata, haina zakat, ya kuweka akiba inayo, lakini muulize sheikh wako mana maulamaa wana maneno hapo.) Sasa mtu ana milioni 50, zakat yake 1,250,000, anafanya nini, anazivunja noti za elfu kumi kumi anakaa mlangoni mwezi 27 Ramadhani anawapa watu 125. Kila mmoja kapata cha siku moja tu. Kumbe ana mtoto wa shangazi yake anauza mandazi kwa jiko la kuazima, zile pesa zote zingempata yeye mmoja zingemsimamisha, na mwakani huenda akawa hapokei tena. Na kumpa jamaa unapata mawili, sadaka na kuunga udugu. Ila zakat usimpe mama yako wala baba yako wala wanao, hao kuwalisha ni wajibu wako kwa mlango mwengine.

Halafu kuna hili la Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Ramadhani kila mtu anatoa, masikini wa mtaa anaweza kupata sahani nne kwa siku moja na nyengine zinachacha. Idi inapita, watoto wanapata mkono wa Idi, na Mfungo mosi unaingia kimya. Hakuna sahani. Kwa kazi yangu huo mwezi naujua kwa watu wanaokuja ofisini, mana pesa zimeishia kwenye nguo za sikukuu na hakuna wa kumuomba kwa sababu kila mtu anahisi keshatoa. Fanyeni hivi, kila mlichopanga kutoa Ramadhani kateni nusu muiweke Mfungo mosi na Mfungo pili. Na walio karibu na pwani wanajua, kusi likivuma sana vyombo vya baharini havitoki, basi wiki hizo kwa mvuvi ni nzito kuliko mwezi wowote wa funga, mkumbukeni wakati huo.

Sasa nani apeleke? Mtoto. Usipeleke wewe mtu mzima, ukienda wewe mwenzio anaona anapewa, akienda mtoto anaona ni ujirani. Lakini mtoto afundishwe, na mie wangu wa miaka tisa ilinichukua muda. Apige hodi, angoje aitikiwe, aamkie shikamoo bibi, halafu aseme, "Mama anakusalimu, tumepika tumekukumbuka." Basi. Asiseme mama kasema huna chakula, asichungulie ndani kuangalia jikoni kuna moto au hakuna, na akirudi asinihadithie alichokiona, mana nikimsikiliza leo kesho atayahadithia skuli. Na siku nyengine mpeleke kwenye nyumba ya wenye nacho pia, asije akajifunza kwamba sahani inakwenda kwa masikini tu. Jirani yetu mmoja ni Mkristo kutoka bara anapelekewa kama wengine, na Krismasi anatuletea sisi soda na biskuti, watoto wanazingoja.

Na ndo nakuja kwenye zile foili na vikontena vya kutupa ambavyo siku hizi tunapelekea futari kwa sababu hatutaki usumbufu wa kudai vyombo. Najua ni rahisi. Lakini kontena halirudi, na lisiporudi mwenzio hana mlango wa kuingilia kwako. Peleka sahani yako ya kweli, ile unayoipenda usiogope. Na ikirudi na ndimu usiziache zikauke juu ya kabati, zikamue siku hiyo hiyo kwenye mchuzi, umtume mtoto akamwambie bibi ndimu zako tumezilia samaki zina maji kweli kweli. Kwako neno dogo, kwake yeye anakaa nalo wiki nzima.

Sijasema habari ya vitu visivyo chakula na nisiwachoshe, ila viwili vinanikaa moyoni. Kama una tangi au kisima toa mfereji (bomba) mmoja nje ya ukuta, mnajua wenyewe shida ya maji mitaani kwetu, mwanamke asilazimike kuomba ruhusa kila ndoo. La pili ni wakati wako. Pencheni jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi ilianza hapa Zanzibar mwezi wa Aprili 2016, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na kuna wazee wameishi miaka kadhaa bila kuipata, si kwamba wamekataliwa, ila kitambulisho kimepotea au umri umeandikwa vibaya na hana wa kwenda nae kwa sheha (kiongozi wa mtaa). Kijana wako wa sekondari akitoa asubuhi mbili tatu kumshika mkono mzee mmoja mpaka karatasi zake zikamilike, hiyo ni sadaka inayoingia kila mwezi na wewe hukutoa hata mia. Wenye uwezo zaidi kuna wakfu, yani mali inayotengwa iwe sadaka ya kudumu, nyumba ngapi za Mji Mkongwe ni za wakfu zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, waliozitoa washakufa zamani. Ila wakfu si lazima nyumba. Babu yangu alikuwa na mikarafuu michache na mmoja wa njiani alituusia usiangaliwe, kilichoanguka chini yake ni cha anaepita.

Yule mama wa kipolo nilikwenda kwake baada ya Idi, sikuchukua mchele, nilichukua sahani ya mkate wa kumimina nimeipika mwenyewe. Alinikaribisha ndani safari hii, tukanywa chai. Binti yake kaolewa alhamdulillahi, na mie nilikuwemo jikoni siku ya harusi nakatakata vitunguu na wenzangu. Mpaka leo sahani zinakwenda na kurudi, zake kwangu zangu kwake, hata hatujui tena ipi ya nani. Jana jioni mwanangu karudi kutoka huko ananambia, "Mama, bibi anauliza sahani yake ya maua iko kwetu tangu wiki iliyopita." Kweli, nimeikuta juu ya kabati, nimeshaiosha, na sasa nangoja mofa ipoe niangalie nitie nini.