Taarifa ya diwani ya mwisho wa mwaka: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Desemba ikifika, madiwani wengi wa majiji huwapa wakazi taarifa ya mwaka: barabara zilizotengenezwa, taa zilizowekwa, fedha zilizopitishwa, malalamiko yaliyoshughulikiwa. Mkazi anayeisoma vizuri anaweza kuidai halmashauri mambo ya msingi. Anayeisoma vibaya humlaumu diwani kwa lisilo lake na kumwachia lililo lake.

Dhana: Taarifa ya Desemba ni ya mwaka mzima wa bajeti

Inategemea mwaka wa fedha unaanza lini. Kenya, Tanzania, Uganda na manispaa za Afrika Kusini huanza Julai 1 na kufunga Juni 30. Jiji la New York hufuata tarehe hizo hizo. Mabaraza ya Uingereza huanza Aprili 1 na kufunga Machi 31. Kwa hiyo jiji linaloanza Julai, Desemba liko katikati ya bajeti yake, na taarifa ya Januari hadi Desemba huwa imeshika nusu ya pili ya bajeti moja na nusu ya kwanza ya nyingine. Diwani makini hutenganisha nusu hizo mbili. Zikichanganywa, huwezi kulinganisha matumizi na bajeti yoyote kati ya hizo. Kumbuka pia kwamba miezi ya mwanzo huliwa na zabuni, ndiyo maana miradi kuwa nyuma ya nusu ifikapo Desemba si ushahidi wa uzembe.

Dhana: Fedha iliyopitishwa ni fedha iliyopo

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko pote. Kila mradi una takwimu nne, na neno "tumetenga" hugusa ya kwanza tu: fedha iliyoidhinishwa, fedha iliyopokelewa, fedha iliyofungwa kwenye mikataba, na fedha iliyolipwa.

Tuseme barabara imeidhinishiwa milioni 100. Zimepokelewa 60, mkataba umesainiwa wa 55, zimelipwa 30. Kila pengo lina chanzo chake. Milioni 40 zisizopokelewa zinatokana na makusanyo kuwa chini ya makisio au ruzuku kuchelewa. Milioni 5 zilizobaki kati ya mapokezi na mkataba huenda ni zabuni kushuka chini ya makadirio, au kuna kazi ambayo haijapata mzabuni. Zile 25 kati ya mkataba na malipo ndizo za kuulizia kwanza: ama kazi haijafanyika, ama imefanyika na hati ya malipo imekaa mezani. Ikiwa ni hilo la pili, halmashauri tayari ina deni, na deni hilo litakula bajeti ya mwaka unaofuata.

Fedha iliyobaki mwisho wa mwaka nayo isishangiliwe haraka kuwa ni akiba. Mara nyingi ni kazi iliyochelewa kuanza, na baadhi ya ruzuku hurudishwa zisipotumika kwa wakati. Pia bajeti "iliyoongezeka" huenda imepungua. Ikikua kwa asilimia 5 wakati bei za vifaa zimepanda kwa asilimia 8, uwezo wake wa kununua umeshuka kwa karibu asilimia 3.

Dhana: Mkandarasi amelipwa asilimia 30 na kazi iko asilimia 5, basi fedha imeliwa

Mikataba mingi ya ujenzi huruhusu malipo ya awali ili mkandarasi alete mitambo na vifaa. Hulipwa dhidi ya dhamana ya benki, yaani ahadi ya benki kuirudishia halmashauri fedha hiyo mkandarasi akishindwa, kisha hukatwa kidogo kidogo kwenye hati za malipo zinazofuata. Swali linalofaa ni moja: dhamana hiyo inaisha lini? Kazi ikisuasua na dhamana ikaisha bila kuongezewa muda, halmashauri imebaki bila kinga, na hilo ni kosa linalohitaji majibu.

Dhana: Mradi uliokabidhiwa umeisha

Hili huwagharimu wakazi zaidi ya yote, kwa sababu huwanyima haki waliyokuwa nayo bila kujua. Baada ya makabidhiano huanza kipindi cha matazamio. Kwa kawaida ni miezi 12, ingawa mkataba unaweza kutaja muda mwingine. Katika kipindi hicho mkandarasi anarekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama zake. Ili asitokomee, halmashauri huzuia sehemu ya malipo yake, mara nyingi asilimia 5 hadi 10. Nusu huachiwa wakati wa makabidhiano na nusu mwisho wa kipindi.

Kwa hiyo taarifa ikisema "barabara imekamilika", uliza tarehe ya makabidhiano na tarehe ya mwisho wa matazamio. Kisha kagua, hasa baada ya mvua kubwa. Angalia lami inayopasuka kingoni, sehemu iliyodidimia juu ya bomba lililofukiwa, mtaro unaotuamisha maji kwa sababu mteremko wake haukupimwa sawasawa, na taa zinazozimika mfululizo kwenye nguzo za mstari mmoja. Andika barua kwa mhandisi wa jiji, nakala kwa diwani. Taja jina la mradi, mahali penyewe kwa alama inayoonekana, tarehe na picha, na uhakikishe inapokelewa kabla kipindi hakijaisha. Kasoro za kawaida zikiripotiwa baada ya hapo, matengenezo hutoka kwenye fedha za umma.

Si kila uharibifu ni kasoro, hata hivyo. Mtaro ulioziba kwa taka, au lami iliyobonyezwa na malori yaliyozidisha uzito, ni suala la matunzo na usimamizi. Mkandarasi hawezi kudaiwa hilo.

Dhana: Diwani akitaka, anaweza kuhamisha fedha za soko zikajenga zahanati

Diwani ana kura moja katika baraza, na si mlipaji. Ruzuku yenye masharti hutumika kwa kilichotajwa tu. Kuhamisha fedha kati ya vifungu kunahitaji idhini kwa utaratibu wa sheria za fedha za nchi husika. Kinachompima diwani ni mambo mengine: alipeleka hoja gani, kwenye kamati ipi, alipiga kura vipi, alitangaza maslahi yake palipostahili? Majibu yako kwenye mihutasari ya vikao. Msiridhike na idadi ya vikao alivyohudhuria, na mtazame zaidi kamati, kwa kuwa mapendekezo mengi huchambuliwa huko kabla ya kufika kwenye baraza kamili.

Dhana: Hati safi ya ukaguzi inamaanisha fedha zimetumika vizuri

Inamaanisha hesabu zimeandaliwa kwa viwango na zinaonyesha hali halisi kwa mambo yote ya msingi. Soko lililojengwa mahali pasipo na wateja linaweza kuandikwa kwenye vitabu bila kasoro hata moja. Thamani ya fedha hupimwa na ukaguzi wa ufanisi, ambao ni zoezi tofauti. Soma pia hoja za ukaguzi zilizobaki bila kujibiwa.

Dhana: Wastani wa siku za kushughulikia malalamiko unatosha

Malalamiko matano yakimalizwa kwa siku 2, 3, 4, 5 na 86, wastani ni siku 20, ilhali manne kati yake yalimalizwa ndani ya siku 5. Upande wa pili ni mbaya zaidi: lalamiko ambalo bado liko wazi haliingii kabisa kwenye wastani wa yaliyofungwa, kwa hiyo ofisi inayoacha magumu yakae huonekana ina kasi. Idai idadi ya yaliyopokelewa, yaliyofungwa na yaliyo wazi kwa zaidi ya siku 30. Uliza pia kama "limefungwa" ni shimo lililozibwa au ni barua iliyopelekwa idara nyingine.

Dhana: Kisichoandikwa kwenye taarifa ni siri

Nchi nyingi zina sheria ya haki ya kupata taarifa. Sheria ya Kenya ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu ombi, ya Tanzania ya mwaka huo huo siku 30, ya Uganda ya 2005 siku 21, na ya Uingereza ya 2000 siku 20 za kazi. Kuna mambo yanayozuiwa, kama taarifa binafsi na siri halali za kibiashara. Ombi jembamba hujibiwa kwa urahisi kuliko linaloomba "taarifa zote za barabara". Liandike kwa namba ya mkataba, na omba vitu vinne: thamani ya mkataba, malipo hadi sasa, tarehe ya makabidhiano na nakala ya orodha ya kasoro. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa mapokezi, maana muda wa kujibu huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa.